Kivuli cha Lwanda Magere: Utangulizi wa Somo la Mapambano ya Kubuni

Rambo na Commando wakikutana, nani atamlaza mwenzake?

Swali hili nililisikia mara ya kwanza nikiwa mtoto wa shule ya msingi, ndani ya kibanda cha video mtaani Baba Dogo, na tangu siku hiyo halijanitoka. Kibanda kilikuwa cha mabati, nyufa zake zimezibwa kwa magunia ili mwanga usiharibu picha. Tulikaa kwenye mbao zilizolazwa juu ya mawe ya ujenzi. Kiingilio kilikuwa shilingi kumi, na mwenye kibanda alimjua kwa sura kila aliyekuwa bado anadaiwa tano ya juzi. Televisheni ilikuwa moja, imeinuliwa juu ili anayekaa nyuma naye aone, na spika zilikuwa mbili, kila moja kubwa kuliko televisheni yenyewe. Filamu ilipoisha tulitoka nje tukikunja macho kwa jua la saa tisa, tukashika njia ya nyumbani kando ya kuta za viwanda, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Mmoja alisema Commando atashinda, kwani mwanzoni mwa filamu anatokea amebeba gogo zima la mti begani, peke yake. Mwingine akamjibu kwamba gogo halikimbii wala halijifichi. Rambo alijipaka matope akasimama ndani ya ukuta wa udongo, adui akapita mbele yake asimwone, sasa Commando atapiga risasi wapi? Wa tatu akauliza: kwanza wanapigania wapi, msituni au mjini?

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba filamu hizo mbili, Commando na ile ya pili ya Rambo, zilitoka mwaka mmoja, 1985, na kwamba Sylvester Stallone na Arnold Schwarzenegger wenyewe walikuwa mahasimu kweli, kila mmoja akitaka bunduki na misuli yake izidi ya mwenzake. Lakini yule mtoto wa tatu, aliyeuliza wanapigania wapi, ndiye aliyenifanya kuwa msomi wa jambo hili. Wenzake walikuwa wakishabikia. Yeye alikuwa ameanza kuchunguza.

Kurasa hizi ni za kumkaribisha anayetaka kuchunguza pamoja nasi. Ninaliita somo letu mapambano ya kubuni, yaani utamaduni wa mashabiki kuchukua wahusika wa hadithi mbalimbali, ambao watunzi wao hawakuwahi kuwakutanisha, na kuwapiganisha ili ijulikane nani angeshinda. Leo utamaduni huo unajulikana zaidi kupitia vipindi vya mtandaoni vinavyotengenezwa na mashabiki wenyewe, vyenye vibonzo, hesabu na watangazaji. Ningependa msomaji wangu avifikie vipindi hivyo kwa njia niliyoijia mimi, akitokea Barabara ya Baba Dogo, kwa sababu ukianzia hapo unaona jambo ambalo anayeanzia kwenye kioo cha simu hulikosa.

Jambo lenyewe ni hili. Kila aliyewahi kukalia zile mbao anaijua sheria ya kwanza ya filamu: steringi hafi. Adui anaweza kuja na jeshi, nyumba ikalipuka, gari likatumbukia bondeni, na mtoto wa miaka saba akakaa kimya akitafuna njugu kwa sababu anajua steringi hafi. Hiyo ni nadharia kamili ya usimulizi, na watoto waliitunga bila kufundishwa na mtu. Walikuwa wameshagundua kwamba kinachomwokoa shujaa ni hadithi, wala si misuli. Risasi mia humkosa kwa kuwa filamu bado ina saa nzima mbele yake.

Sasa waweke steringi wawili katika uwanja mmoja. Sheria inavunjika papo hapo, maana lazima mmoja alale. Kinga ya hadithi inawatoka wote wawili, na kwa mara ya kwanza inakubidi umtazame shujaa wako alivyo: ana nini mkononi, anaona umbali gani, huchoka baada ya muda gani, ni nini kinachomtia hofu. Mtoto aliyeitazama filamu mara tatu kwa ajili ya raha hulazimika kuirudia mara ya nne kwa ajili ya ushahidi. Mimi naamini, na nimelifundisha hili kwa miaka, kwamba mara hiyo ya nne ndiyo uhakiki wenyewe. Mshindi wa ubishi ni yule aliyetazama kwa makini kuliko wenzake.

Tuvuke bahari kidogo. Mwezi wa Desemba 2010, nchini Marekani, Ben Singer na Chad James walianzisha kipindi cha mtandaoni kiitwacho Death Battle, chini ya ScrewAttack, kampuni ndogo ya wapenzi wa michezo ya video. Pambano la kwanza lilikuwa kati ya Boba Fett, mwindaji wa kulipwa kutoka Star Wars, na Samus Aran, mwindaji mwenziwe kutoka michezo ya Metroid. Samus alishinda. Singer huigiza sauti ya Wizard, mtu wa vitabu na hesabu. James ni Boomstick, mtu wa bunduki na kelele. Mpangilio wao haujabadilika sana tangu hapo. Kwanza kila mhusika huwekwa mezani na kuchambuliwa: asili yake, silaha zake, aliyowahi kuyatenda, yaliyowahi kumshinda. Kisha vibonzo vinapigana mpaka mmoja afe. Kisha watangazaji wanarudi na kueleza kwa nini imekuwa vile.

Hawakuwa wa kwanza kuthubutu. Mwaka 2003 Sandy Collora alionyesha filamu fupi iitwayo Batman: Dead End, ambamo Batman anakutana kichochoroni na viumbe wa Alien na Predator. Watengenezaji hawakuwa na haki yoyote ya kisheria juu ya wahusika hao, walikuwa na mapenzi tu na ufundi. Wala studio kubwa hazikuwa zimelala. Wajapani walimpiganisha King Kong na Godzilla mwaka 1962. Kilichokuwa kipya kwa Singer na James ni ile sehemu ya mwisho, ya maelezo. Walimwahidi mtazamaji kwamba hukumu itakuja na sababu zake, na kwamba akitaka kuipinga alete sababu zake.

Na watu walizileta. Januari 2013 walimpiganisha Goku wa Dragon Ball na Superman, wakampa Superman ushindi, na ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2015 walirudia pambano lilelile kwa ushahidi zaidi, Superman akashinda tena. Nawashauri wanafunzi wangu waanze na pambano hilo, kwa sababu chini ya kelele zake kuna swali zito. Goku ni mhusika aliyeumbwa ili kila mara avuke mpaka aliokuwa nao jana. Superman, kwa usomaji wa watengenezaji, ni mhusika aliyeumbwa bila mpaka. Utampimaje anayepanda ngazi dhidi ya mtu ambaye hana habari na ngazi? Hilo ni swali kuhusu tamaduni mbili za kutunga hadithi, na limewafikisha vijana wengi kwenye falsafa bila wao kuliita hivyo.

Mwaka 2024 kampuni ya Rooster Teeth, iliyokuwa imekimiliki kipindi hicho kwa miaka kadhaa, ilifungwa. Watengenezaji wakawaendea mashabiki, mashabiki wakachanga, kipindi kikaendelea. Aliyekulia mtaa ambao matanga, harusi na karo vyote hupitia mchango hawezi kukosa kuielewa harambee ile.

Kila somo lina zana zake, na za somo hili ni chache. Ya kwanza ni tendo: jambo ambalo mhusika ameonekana akilifanya. Gogo begani ni tendo. Ya pili ni kauli: jambo ambalo mhusika, au mwingine, amelisema juu yake. Adui akisema mbele ya kamera kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kumshinda Rambo, hiyo ni kauli, na kauli ni shahidi wa kuhojiwa, kwa kuwa msemaji anaweza kuwa mwoga, au mwongo, au anatafuta kumtisha mtu. Watoto wa Baba Dogo walikuwa wakali hapa. "Hayo alisema tu," walikuwa wakimjibu mtu, "tulimwona akifanya?"

Ya tatu ni hesabu. Mhusika akipasua mlima, mashabiki hukadiria ujazo wa mlima ule kutoka kwenye picha, huuzidisha kwa uzito wa mawe, ambao kwa matale ni kama tani 2.7 kwa kila mita moja ya ujazo, kisha hutafuta nishati inayohitajika kuvunja mawe kiasi hicho. Nimewaona vijana waliokata tamaa na fizikia darasani wakikesha juu ya hesabu za namna hii, na kuzipata. Lakini mwanafunzi ajihadhari. Mchoraji aliyeuchora ule mlima huenda alikuwa na saa mbili tu kabla ya jarida kwenda mitamboni, na ukubwa wake haukuwa hoja kwake. Hesabu inapima picha. Bado ni kazi yetu kuuliza kama hadithi ilikusudia kile ambacho picha imekionyesha.

Ya nne ni mnyororo: fulani alimshinda fulani, na huyo fulani alimshinda mwingine, basi wa kwanza angemshinda wa mwisho. Hapa mtaa wetu una mwalimu mzuri, kwani Ruaraka ni jirani, na Ruaraka ndiko nyumbani kwa Tusker. Mtu yeyote aliyefuata ligi ya Kenya anajua kwamba Gor Mahia wanaweza kuwafunga AFC Leopards, Leopards wakawafunga Tusker, kisha Tusker wakawafunga Gor bila mtu kushangaa. Mitindo hukutana vibaya au vizuri, uwanja huloa, beki mmoja hulala vibaya usiku. Mnyororo unafaa kama fununu, lakini anayetegemea huo peke yake hajafanya utafiti. Nasikitika kwamba sehemu kubwa ya mijadala ya siku hizi imekwama hapo, watu wakipanga majina kwenye ngazi na kusahau kurudi kwenye filamu.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoiona kuwa na utajiri mkubwa kuliko zote: nani anatoa hukumu?

Njia moja ni kura. Mwaka 1996 kampuni mbili hasimu za vitabu vya katuni huko Marekani, Marvel na DC, ziliwakutanisha mashujaa wao, na katika mapambano matano zikawaachia wasomaji waamue. Moja kati ya hayo lilimkutanisha Wonder Woman na Storm. Storm aliumbwa na Len Wein na Dave Cockrum, akatokea mara ya kwanza mwaka 1975, na pale tunapokutana naye yuko Kenya, akiitisha mvua kwa wanakijiji wanaomwona kuwa mungu. Mama yake, kwa mujibu wa hadithi, ni binti wa kifalme wa Kenya. Katika pambano lile Wonder Woman alikuwa ameishika nyundo ya Thor mkononi, akaiweka chini ili vita viwe vya haki, na Storm akamwangusha kwa radi. Kwa hiyo mwanamke mwenye asili ya Kenya alimshinda shujaa wa kike mashuhuri kuliko wote wa Marekani, kwa kura za watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga nchi hii. Katika miaka yangu yote ya vibandani sikuwahi kusikia jina lake likitajwa. Vitabu vya katuni vya kigeni vilikuwa bei ghali, na kwenye zile mbao wasichana walikuwa wachache sana. Anayetaka mada ya tasnifu na aichukue hiyo: ubishi wetu ungekuwa vipi kama Storm angefika Baba Dogo pamoja na Rambo?

Kura zina kasoro iliyo wazi, kwamba hupima mapenzi. Kipindi cha Super Power Beat Down, cha watengenezaji wa Bat in the Sun, kiliifuata njia hiyo, kikawapa watazamaji nafasi ya kuamua, na kila mara ukiangalia matokeo unajiuliza kama umejifunza kitu kuhusu wapiganaji au kuhusu wapigakura. Singer na James walichagua njia ya ushahidi. Hukumu yao nayo haiko juu ya makosa, lakini angalau unajua pa kuishika.

Njia ya tatu ni yetu, na vitabu vya Ulaya na Marekani vinavyohusu mashabiki haviijui vizuri. Ni sauti. Kwenye vibanda vya Nairobi filamu haiji peke yake. Inakuja na mtafsiri. Jina kubwa kuliko yote Kenya ni James Muigai, anayejulikana kwa jina la DJ Afro, ambaye sauti yake huipanda filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Tanzania ilimtoa Lufufu, ambaye kanda zake zilifika mbali. Uganda wana mavijei wao, na VJ Emmie ndiye sauti ya Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa na Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala. Jina la filamu hiyo linauliza nani alimuua Kapteni Alex, na filamu inaisha bila kujibu. VJ Emmie hajali. Kelele zake za furaha zinakufanya ulisahau swali.

Tazama mtafsiri anavyofanya. Hagusi picha hata moja. Lakini adui anapoingia, humpa sauti ya mwenye nyumba anayedai kodi, na kibanda kizima kinamchukia kabla hajafanya lolote. Siku nyingine humpa adui maneno ya kuchekesha na kumwachia steringi maneno makavu, na ghafla unasikia watu wakimshangilia adui. Nimeitazama filamu moja kwa sauti na bila sauti, na kwa viapo vyote nimeona mapambano mawili tofauti yakiwa na ngumi zilezile. Wizard na Boomstick wanadai kwamba wao wanaeleza tu yale ambayo ushahidi umeonyesha. Mtu aliyelelewa na DJ Afro hawezi kukubali haraka hivyo. Atasikiliza ni nani kati ya wapiganaji amepewa utani mzuri, ni nani ameelezwa kwa huruma, na atajua mshindi dakika tano kabla ya ngumi ya kwanza. Hili ndilo jicho, au tuseme sikio, ambalo Afrika Mashariki inalileta katika somo hili, na ningependa wanafunzi wetu walilete bila kuomba radhi.

Kwamba watu hupambanisha wasiokutana si jambo la juzi. Mwaka 405 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Athens alitunga mchezo uitwao Vyura, ambamo washairi wawili waliokufa, Aeschylus na Euripides, wanashindanishwa kuzimu, na mishororo yao inawekwa kwenye mizani kama nyama buchani. Kwenye mizani Aeschylus anashinda kwa sababu mishororo yake imebeba magari ya vita na maiti. Hesabu ile ya uzito wa mlima ina babu yake pale. Pwani yetu nayo ilikuwa na malumbano: Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana tungo wakati miji yao ikiwa vitani, na hadhira ilihukumu kwa kupima jibu dhidi ya swali, vina kwa vina. Tofauti ni kwamba waliolumbana walikuwa watu hai waliojisemea. Wahusika wetu wanahitaji mawakili.

Hapa lazima niseme neno juu ya kumbukumbu. Kila kipindi cha Death Battle kimehifadhiwa, na mtafiti wa miaka mia ijayo atakipata. Ubishi wa kando ya kuta za viwanda haukuhifadhiwa na mtu. Vibanda vyenyewe viliishi kando ya sheria: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, hutaka maonyesho ya hadhara yawe na leseni, na vibanda vingi havikuwa nayo, hivyo wenye vibanda hawakuwa na hamu ya kuandika lolote. Halafu zikaja simu, bando na flash za kunakilia filamu dukani, mabenchi yakapungua watu. Waliokuwa watoto kwenye mbao zile bado wako hai Baba Dogo, Lucky Summer, Korogocho na Kariobangi. Wanakumbuka. Nenda na kinasa sauti, uwaulize Bolo Yeung na Van Damme walimalizana vipi mtaani kwao, kisha ukae chini, maana hawatamaliza leo.

Nimalizie kwa mfano mmoja wa kazi yenyewe, wahusika wakiwa wa nyumbani. Fumo Liyongo dhidi ya Lwanda Magere.

Nina sharti moja kabla ya kuanza. Hawa ni mashujaa wa watu walio hai, na katika nchi yetu jina la shujaa wa jamii linaweza kuokotwa na mwanasiasa likawa rungu. Kwa hiyo darasani anayetoka upande wa Ziwa humtetea Liyongo, na wa Pwani humtetea Magere. Tangu niliweke sharti hilo sijawahi kuona ubishi ukigeuka chuki, na nimeona watu wakisoma hadithi za wenzao kwa bidii ambayo mtihani hauwezi kuileta.

Ushahidi, basi. Liyongo tunamjua zaidi kupitia utenzi wa Muhammad Kijuma wa Lamu, wa mwaka 1913. Ni pande la mtu: mkoba wake ulibeba kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Ni mpiga upinde. Tendo lake kuu katika silaha hiyo ni lile la mikoma: maadui walipanga wapande mti kwa zamu kuchuma makoma, ili zamu yake ikifika wamfume akiwa juu, yeye akabaki chini, akayaangusha makoma kwa mishale. Aliutambua mtego, na hakosi shabaha. Udhaifu wake ni mmoja. Chuma hakimuui, kinachomuua ni shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo aliitoa mwenyewe kwa mwanawe. Hata hivyo alikufa amepiga goti kisimani, mshale upindeni, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji siku kadhaa wakidhani yu hai.

Magere ni wa Kano. Mwili wake ni jiwe, mkuki na mshale havimwingii, na Okoiti Omtatah amemwandikia tamthilia. Udhaifu wake uko kwenye kivuli. Siku alipougua alimwambia mkewe, binti aliyetoka kwa maadui zake Walang'o, amchanje kivulini. Damu ikatoka, na mke akaipeleka habari kwao. Vita vilivyofuata alichomwa mkuki kivulini akafa, akageuka jiwe, na inasimuliwa kwamba wawindaji hunolea silaha zao pale.

Wote wawili, tazama, waliuawa na siri iliyotoka nyumbani. Basi tukisema kwamba hakuna anayeijua siri ya mwenzake, kama vipindi vya mtandaoni vinavyopenda, tunapata mkwamo. Mkuki wa Magere ni chuma, na Liyongo hafi kwa chuma. Mshale wa Liyongo unalenga kifua, na kifua ni jiwe. Kwa wengi ubishi huishia hapo, wakasema sare.

Lakini rudi kwa yule mtoto wa tatu. Wanapigania wapi, na saa ngapi? Kano iko karibu kabisa na ikweta. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba jua la saa sita mchana husimama juu ya utosi, na kivuli cha Magere kinajikunja chini ya nyayo zake ambako hakuna mshale utakaofika. Saa hiyo hashindwi. Sasa fikiria asubuhi. Kila shujaa aliyefunzwa hupenda jua liwe mgongoni mwake, limpofushe adui. Magere akifanya hivyo, kivuli chake kinalala mbele, kirefu, kikimwelekea Liyongo. Na Liyongo hakosi: mshale unapiga kifua cha jiwe, unadunda, unaanguka chini mbele ya Magere. Unaangukia wapi? Kwenye kivuli. Shabaha njema ya mmoja na ujuzi wa vita wa mwingine vinaungana kumuua Magere, bila hata mmoja wao kuelewa nini kimetokea.

Niliueleza uchambuzi huu jioni moja steji ya Baba Dogo, nikisubiri gari na vijana wawili watatu waliokuwa wamesikia kwamba nafundisha "mambo ya muvi". Walinyamaza kidogo. Kisha kijana mdogo kuliko wote, aliyebeba mtungi wa maji, akauliza: "Na wakipigana usiku?" Mwenzake akasema usiku hakuna kivuli, kwa hiyo Magere ameokoka. Yule mdogo akatikisa kichwa. Usiku, alisema, kote ni kivuli. Mshale ukianguka popote umempata. Gari likaja likajaa likaondoka, nami nikabaki pale, maana nilitaka kusikia yule mwenzake atajibu nini.